Kodi ya Wilaya na Sauti ya Wilaya: Mwanza tangu Boma la Wajerumani

Mwanza na Würzburg, mji wa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, ni miji dada tangu mwaka 1966. Kuuzunguka mji wa Würzburg kuna wilaya ya mashambani yenye jina hilohilo, yenye mashamba ya mizabibu, ngano na viazi sukari. Ina vijiji na miji midogo 52, na kila kimoja kina meya na baraza lake. Kuizunguka Mwanza nako kuna Misungwi, Magu, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, wilaya za pamba, mpunga, mihogo, ng'ombe na samaki. Ziara za kidugu baina ya miji hii miwili zimesimuliwa mara nyingi. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: wilaya hizi za mashambani, za kule na za huku, zilipataje kuwa wilaya, na nani anazitawala?

Swali hili si la udadisi wa kihistoria tu. Zote zilipita mikononi mwa ofisa mwenye cheo kimoja. Katika karne ya 19 mtawala wa wilaya ya mashambani huko Bavaria aliitwa Bezirksamtmann. Mtawala aliyekaa katika boma la Mwanza chini ya Wajerumani akaitwa vivyo hivyo. Cheo kilikuwa kimoja, lakini mamlaka yalitofautiana kama mbingu na ardhi, na athari za tofauti hiyo tunaziona hadi leo.

Tuanze na huko kwao. Mwaka 1852 sheria ya Bavaria iliunda mabaraza ya wilaya, yaliyokuwa na kauli juu ya barabara, matunzo ya maskini na fedha za wilaya. Mwaka 1862 ikaja hatua kubwa zaidi: kazi ya kutawala ikatenganishwa na kazi ya kuhukumu. Ofisa wa wilaya akabaki na utawala, hakimu akabaki na mahakama. Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi. Ofisa yule aliteuliwa na serikali ya mfalme, wakulima wadogo na wanawake hawakuwa na sauti katika mabaraza yale, na baadaye utawala wa Hitler uliuzima uchaguzi wa wilaya kabisa. Hata hivyo, mkulima wa pale alikuwa tayari ana mambo mawili: baraza lililoweza kuhoji matumizi, na hakimu ambaye hakuwa ndiye mtoza kodi.

Miaka 30 hivi baadaye, Dola ya Ujerumani ilipojikita katika pwani ya kusini ya ziwa, haikuleta hata kimoja kati ya hivyo viwili. Serikali ya Berlin ilichukua rasmi utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani tarehe 1 Januari 1891, baada ya kushindwa kwa kampuni ya Carl Peters. Mwanza ilianza kama kituo cha kijeshi mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha ikawa wilaya ya kiraia. Bukoba, Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya mfumo wa Mkazi, yaani ofisa wa Kijerumani aliyetawala kupitia wafalme waliokuwapo. Mwanza haikuwa na mfalme mmoja. Ilikuwa na tawala nyingi ndogo za watemi wa Kisukuma, na upande wa visiwani kulikuwa na utawala wa Ukerewe. Bezirksamtmann akawa juu ya wote.

Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi, mtoza kodi, mpima barabara na hakimu wa Waafrika. Mzungu aliyekosa alikuwa na mahakama yake yenye jaji. Mwafrika alisikilizwa katika shauri lililofanyika bomani, na Wajerumani walilichukua neno hilo la Kiswahili na kuliingiza katika maandishi yao ya utawala. Amri ya Kansela ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na kumbukumbu ya hamsa ishirini ikabaki katika masimulizi ya wazee nchi nzima. Yule aliyesikiliza shauri ndiye aliyeamuru kiboko, na ndiye pia aliyedai kodi iliyozaa shauri lenyewe.

Kodi hiyo ilianza kutozwa mwaka 1898, rupia tatu kwa kila nyumba ya shamba. Lengo lake halikuwa mapato peke yake. Kodi ya fedha taslimu ilimlazimisha mkulima ama auze mazao, ama auze nguvu zake. Mwaka 1904 serikali ileile ilianzisha sarafu ndogo ya Heller, 100 kwa rupia, na kutoka hapo tukapata neno hela. Ni vyema mtumishi wa halmashauri anayehesabu hela za ushuru wa soko akumbuke kwamba jina la kitu anachohesabu limetoka katika utawala huo.

Kuna jambo moja katika sera ya Wajerumani ambalo wanafunzi wengi hawalifahamu. Mwaka 1901 serikali ya koloni iliunda jumuiya za wilaya katika maeneo ya utawala wa kiraia. Kila jumuiya ilikuwa na baraza dogo chini ya uenyekiti wa ofisa wa wilaya, na iliachiwa nusu ya kodi ya nyumba iliyokusanywa ndani ya wilaya. Nusu! Mtu akisoma takwimu hiyo bila historia yake atadhani ameona ugatuaji wa madaraka wa kupigiwa mfano. Lakini wajumbe waliteuliwa, na waliokuwa na sauti humo walikuwa hasa walowezi na wafanyabiashara. Katika wilaya ya Dar es Salaam jumuiya hiyo ndiyo iliyotumiwa kuendesha mashamba ya pamba ya lazima kuanzia mwaka 1902. Wanakijiji walilimishwa kwa malipo yasiyo na maana, na mashamba hayo yakawa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Mwaka 1909 jumuiya hizo zilivunjwa, isipokuwa Dar es Salaam na Tanga. Somo la kwanza la historia yetu basi ni hili: fedha kubaki wilayani si kitu kimoja na fedha kuwa mikononi mwa wanawilaya.

Mwanza yenyewe ilipata bahati ya jiografia. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za Waingereza zikaanza kuzunguka ziwa, na mazao ya Usukuma yakapata njia ya kwenda Mombasa. Theodor Gunzert, ofisa aliyeitawala Mwanza katika miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba pamba ya mkulima mdogo ililipa kuliko kumleta mlowezi, naye akaegemea upande wa kilimo cha wenyeji. Ndiyo maana Mwanza haikugeuka kuwa nchi ya mashamba makubwa kama Usambara. Ila tuwe waangalifu. Ule ulikuwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye busara fulani. Angekuja mwingine mwenye mawazo tofauti, hapakuwa na baraza la kumzuia. Wilaya iliyotegemea hekima ya bwana mmoja haikuwa imejitawala hata pale bwana huyo alipoamua vyema.

Waingereza waliiteka Mwanza mwezi Julai 1916. Miaka 10 baadaye Gavana Donald Cameron alipitisha Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, na watemi wakawa ngazi rasmi ya serikali. Kila mamlaka ya mwenyeji ilipewa hazina yake na sehemu ya kodi, mahakama yake na makarani wake. Wakoloni walisema wanarejesha desturi. Kwa hakika waliibadili. Ntemi wa zamani hakuwa mtawala wa amri tupu. Alichaguliwa kutoka ukoo wa kitemi na wakuu wa mila, naye aliweza kuondolewa mvua zikikoma au nchi ikiharibika. Wanangwa walisimamia vijiji, na vijana walikuwa na viongozi wao wa kazi, basumba batale, ambao hata ntemi hakuweza kuwapuuza. Ntemi wa Cameron alilipwa mshahara, na aliyeweza kumwondoa alikuwa ofisa wa wilaya. Uwajibikaji wake uligeuzwa uso: ulikuwa ukitazama chini kwa watu, sasa ukatazama juu bomani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mfumo huo ulipanuliwa. Watemi zaidi ya 50 waliunganishwa katika Shirikisho la Usukuma lenye makao yake Malya, wilayani Kwimba, na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma ukaanza mwaka 1947. Kulikuwa na mema ndani yake: malambo, visima, na makazi mapya upande wa Geita. Kulikuwa pia na utitiri wa sheria ndogo. Mkulima aliamriwa alime matuta ya namna fulani, apande ekari kadhaa za mihogo, apunguze mifugo, alipe kodi ya ng'ombe. Akikaidi alitozwa faini na mahakama ya ntemi. Sheria nyingi miongoni mwa hizo zilitungwa na mabwana shamba wa kikoloni, watemi wakazipiga muhuri. Huko ndiko chuki dhidi ya watemi ilikokua, na huko ndiko TANU ilikopata wafuasi, ingawa serikali ilikataa kusajili matawi yake Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958.

Kisa cha Geita cha mwaka 1958 kinapaswa kufundishwa katika kila darasa la utawala. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilileta mabaraza ya rangi mchanganyiko, na serikali ikaamua Geita iwe na baraza la wilaya lenye Waafrika, Waasia na Wazungu. Wilaya hiyo ilikuwa na Wazungu na Waasia wa kuhesabika. Wananchi walikataa. Walikusanyika Geita kwa wingi, kisha maelfu wakavuka ghuba kwenda Mwanza kudai kusikilizwa, nao wakatawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi. Hawakutawanyika katika madai yao. Baraza lile halikudumu, na mwaka huohuo TANU ikaruhusiwa kurejea Usukuma.

Tukumbuke walichokuwa wanakitetea. Hawakuandamana kudai uhuru wa taifa kwa jina. Walidai haki ya kukataa baraza la wilaya walilotungiwa na wengine. Wakulima wa Geita walifahamu, pengine kuliko wasomi wengi wa leo, kwamba muundo wa halmashauri ni jambo la maisha na mali.

Uhuru ulipokuja, jibu lilionekana rahisi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na mabaraza ya wilaya ya kuchaguliwa yakachukua nafasi yake. Kwa mara ya kwanza wilaya za Mwanza zilikuwa na sauti. Tatizo likawa fedha. Mabaraza yalibebeshwa shule za msingi, zahanati na barabara, huku vyanzo vyao vikipungua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kodi ya wilaya na ushuru wa mazao viliondolewa mikononi mwao. Mabaraza yaliyonyimwa mapato yakashindwa kazi, na kushindwa huko kukatumiwa kuwa hoja ya kuyafuta.

Mwaka 1972 yakafutwa. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, nao ulisanifiwa kwa msaada wa kampuni ya washauri ya McKinsey. Jina lilisema madaraka yanapelekwa kwa wananchi. Kilichopelekwa ni watumishi wa Serikali Kuu. Mkoa na wilaya vikapata wakurugenzi, wapangaji na bajeti, lakini diwani aliyechaguliwa akapotea. Mwaka huohuo wa 1972 Bavaria nayo ilifanya mageuzi ya wilaya: wilaya ndogo ziliunganishwa, na ile ya Ochsenfurt ikaingizwa katika wilaya ya Würzburg. Watu wa Ochsenfurt walipoteza makao makuu ya wilaya yao, ila hawakupoteza kura. Wilaya kubwa mpya iliendelea kuwa na baraza na mkuu wa wilaya waliochaguliwa. Serikali zote mbili zilitafuta ufanisi. Moja iliutafuta kwa kuchora upya mipaka, nyingine kwa kuwaondoa wawakilishi.

Gharama ya uamuzi wetu ilionekana upesi. Mwaka 1974 operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika Mwanza na Shinyanga, familia nyingi zilihamishwa kwa haraka, wakati mwingine kwa nguvu, kutoka katika miji yao iliyotawanyika kufuata mashamba na malisho. Hapakuwa na baraza la wilaya la kuuliza kama kuna maji huko watu wanakopelekwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, pamoja na kile cha Nyanza. Hiki kilikuwa mrithi wa shirikisho la wakulima wa pamba lililojengwa miaka ya 1950 na kina Paul Bomani, na kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima barani Afrika. Mkulima wa Usukuma akawa ameondolewa vyombo vyake vyote viwili, cha kisiasa na cha kiuchumi, ndani ya miaka minne. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kukiri huko kunamletea heshima. Kwetu sisi tuliobaki kunatuletea wajibu.

Sheria namba 7, 8 na 9 za mwaka 1982 zilirejesha serikali za mitaa, mabaraza yakaanza tena kazi mwaka 1984, na Katiba ikapata ibara za 145 na 146 zinazosema kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ni maneno mazuri. Tuyapime kwa vipimo viwili vilivyojitokeza katika historia hii: fedha na uwajibikaji.

Kwa upande wa fedha, kodi ya maendeleo na tozo nyingine zenye kero zilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia luku. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kila uamuzi ulikuwa na sababu, na baadhi ya sababu zilikuwa njema kwa mkulima. Lakini hakuna hata mmoja uliofanywa na Kwimba, Magu au Misungwi. Kwa miaka mingi mikataba ya madini iliyosainiwa na Serikali Kuu iliwekea tozo za halmashauri kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, wakati sheria ya nchi ilitamka ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Halmashauri yenye mgodi haikuwa mezani pale haki yake ilipopunguzwa.

Kwa upande wa uwajibikaji, diwani huchaguliwa na wananchi, na madiwani humchagua mwenyekiti wao. Mkurugenzi Mtendaji, aliyeshika fedha na wataalamu, huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya vilevile, naye chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 anaweza kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Sheria hiyo ina masharti, na wapo wakuu wa wilaya wanaoyaheshimu. Hata hivyo, ofisa wa utawala mwenye uwezo wa kumfunga raia mlango bila hakimu ni sura tunayoifahamu. Ndiye yule wa bomani. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu iliona si sahihi kikatiba wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mabishano yale yalihusu uchaguzi, lakini chini yake kulikuwa na swali kongwe: mtumishi wa wilaya ni wa nani?

Katika Ujerumani ya leo, ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1949 inazipa jumuiya za mitaa haki ya kujitawala, na zikiingiliwa zinaweza kwenda Mahakama ya Katiba kwa jina lao wenyewe. Mkuu wa wilaya ya Würzburg huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka sita. Sehemu kubwa ya fedha za wilaya hutokana na mchango unaotozwa vijiji na miji iliyo ndani yake, hivyo mameya wa vijiji wana kila sababu ya kuihoji bajeti ya wilaya. Bezirksamtmann wao alipita katika historia ngumu mno hadi akawa mtumishi wa wapiga kura wake. Wa kwetu amebadili jina na rangi, na kwa mengi amebadili nia, lakini bado aliyemteua yuko mbali.

Kuna wanaosema wilaya zetu ni maskini mno kuweza kujitawala, na kwamba ruzuku ya Dodoma ndiyo inayolipa mshahara wa mwalimu wa Ukerewe. Hoja hiyo ina uzito. Bila ruzuku, kisiwa kisingelingana na jiji, na umoja wa taifa ungepata nyufa. Lakini ruzuku haihitaji kumwondoa diwani katika uamuzi, wala haihitaji mkurugenzi asiyeweza kuondolewa na baraza analolihudumia. Wilaya za Bavaria nazo hupokea ruzuku ya jimbo. Umaskini ni sababu ya kusaidiwa, si sababu ya kunyamazishwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya: miaka yote hii, mtumishi aliyekumbukwa kwa wema wilayani ni yule aliyewasikiliza watu hata pale sheria haikumlazimisha. Kwa wanaharakati: mjadala wa Katiba ukihusu urais na tume ya uchaguzi pekee, utakuwa umeiacha ngazi ambayo mwananchi hukutana nayo kila siku. Kwa wanafunzi: vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma. Nendeni mkasikilize bajeti ikijadiliwa, kisha ulizeni ni kiasi gani cha fedha zile baraza linaweza kukipangia matumizi lenyewe, na ni nani ndani ya ukumbi ule baraza linaweza kumfukuza kazi. Majibu ya maswali hayo mawili yatawaambia umbali tuliokwisha kwenda kutoka bomani, na uliobaki.